Galaksi ya Mchongaji inapita juu ya utosi wetu huku kusini mwa Tanzania Julai na Agosti: amka saa kumi alfajiri uione

Njomba wa Tandahimba

Wakuu, habari za majukumu. Nimekuwa msomaji humu kwa miaka, leo naanzisha uzi wangu wa kwanza kwa sababu kuna kitu nimekiona na nimeshindwa kukaa nacho peke yangu.

Mimi ni mkulima wa korosho, shamba letu liko Tandahimba. Wenzangu wa kusini mnajua huu ni msimu wa salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Salfa haipulizwi mchana, inataka hewa iliyotulia na majani yenye umande ili ule unga ushike. Kwa hiyo saa tisa usiku tunatoka nyumbani, saa kumi mashine inanguruma. Ijumaa iliyopita mashine iligoma. Fundi akahangaika na plagi, mimi nikatandika turubai katikati ya njia, pale ambapo matawi ya mikorosho hayafiki, nikalala chali na darubini yangu ya macho mawili. Ni ile ya kumi kwa hamsini, yaani inakuza mara kumi na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 50, niliinunua ya mtumba Mtwara mjini. Kioo cha kushoto kina kuvu kidogo, cha kulia kiko safi.

Mwezi ulikuwa umeshazama. Kilimia kilikuwa kimeshapanda upande wa mashariki. Nikatafuta nyota moja inaitwa Difda, ya rangi ya machungwa kwa mbali, ambayo imekaa peke yake kwenye sehemu ya mbingu isiyo na nyota kubwa. Kutoka hapo nikashusha darubini taratibu kuelekea kusini. Nyota ndogo zikapita moja moja. Halafu likaingia doa.

Si nyota. Ni doa refu, jembamba, limelala mshazari, kama mstari wa chaki uliofutwa kwa kiganja na haukutoka wote. Ukilikazia macho linapotea. Ukitazama pembeni yake kidogo, linarudi. Nilibaki hapo mpaka fundi akaniita mara ya tatu.

Doa hilo ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Jina lake la orodha ni NGC 253, na wengi huiita Galaksi ya Mchongaji kwa sababu iko ndani ya kundinyota la Mchongaji. Ni galaksi ya mzunguko, yaani yenye mikono inayojisokota kutoka katikati kama yetu ya Njia ya Maziwa, ila tunaiona ikiwa imeinama sana upande, karibu kwa ubavu. Ndiyo maana inaonekana ndefu na si duara. Umbali wake ni miaka ya nuru kama milioni 11, yaani nuru yake hutumia miaka milioni 11 hivi kutufikia. Nuru iliyoingia kwenye jicho langu la kulia Ijumaa ile ilianza safari kabla hajakuwepo binadamu hata mmoja duniani.

Sasa sikilizeni kitu kilichonifanya niandike. Galaksi hii iligunduliwa mwaka 1783 na mwanamke, Caroline Herschel, mzaliwa wa Hanover aliyekuwa akiishi Uingereza na kaka yake William. Alikuwa anapekua mbingu usiku kutafuta nyota zenye mkia, kwa darubini ndogo aliyotengenezewa na kaka yake. Maisha yake yote aligundua nyota zenye mkia nane, na mwaka 1787 mfalme alianza kumlipa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi hiyo. Lakini angalieni alipokuwa amesimama. Kule kwao galaksi hii haipandi zaidi ya nyuzi 12 hivi juu ya upeo. Nyosha mkono, kunja ngumi: hiyo ni nyuzi kumi. Ngumi moja na kidogo juu ya miti na moshi wa bomba za nyumba, hapo ndipo alipoiona.

Hapa kwetu inapanda nyuzi 75. Iko juu ya utosi. Nuru yake inapita kwenye hewa nyembamba na safi kuliko ile aliyopambana nayo yeye. Mtu wa Newala, wa Nachingwea, wa Liwale, ukitoka nje ya nyumba yako una nafasi nzuri kuliko aliyekuwa nayo mgunduzi mwenyewe. Na wengi wetu tuko macho saa hizo hizo, tunapuliza salfa, tunavua, tunawahi basi la Dar. Tunapita chini yake kila siku.

Namna ya kuipata, kwa mwisho huu wa Julai hadi katikati ya Agosti:

Toka saa kumi alfajiri, kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu baada ya hapo kunaanza kupambazuka. Mwezi usiwepo. Zima simu, kaa gizani nusu saa nzima jicho lizoee. Kama lazima uwe na tochi, funga kitambaa chekundu mbele yake, mimi nilitumia kipande cha khanga kuukuu. Lala chali, usisimame, shingo itakuuma. Tazama juu, kidogo upande wa kusini-magharibi, utaona nyota moja kubwa nyeupe iliyojitenga, hiyo ni Fomalhaut. Kutoka hapo nyosha mkono, pima shubiri moja na ushee kuelekea mashariki, karibu na utosi. Hapo iko Difda. Ukiielekezea darubini Difda, shuka kusini kwa kiasi cha duara moja la kuona na kidogo zaidi. Usiwe na haraka. Doa litaingia lenyewe.

Ambaye hawezi kuamka, Oktoba na Novemba inakuwa juu mapema usiku. Lakini vuli nayo inakuwa imekaribia na mawingu yake.

---

Binti Mikindani

Uzi mzuri mno mkuu, asante. Swali: hiyo Difda naweza kuiona bila darubini? Na nikiwa ufukweni je, maana sisi huku giza la mwezi ndiyo wakati wa dagaa, taa za mashua zinawaka bahari nzima.

---

Njomba wa Tandahimba

Dada, Difda inaonekana kwa macho matupu bila shida. Kuhusu taa za dagaa, mwaka jana nilijaribu Msimbati nikashindwa kwa sababu hiyo hiyo. Upeo wote wa mashariki ulikuwa mweupe. Lakini bahati yako galaksi hii iko juu kabisa, haiko kule kwenye upeo. Ipe bahari mgongo, jikinge nyuma ya nyumba au ukuta, hakikisha taa hata moja haigusi jicho lako moja kwa moja. Inatosha.

---

Dereva wa Masasi

Mkuu mimi naomba ushauri, nimeumia. Nilinunua darubini ya miguu mitatu mtandaoni, boksi limeandikwa inakuza mara 525. Nikiangalia chochote naona ukungu tu, na ukiigusa inatikisika dakika nzima. Hela yangu imekwenda?

---

Njomba wa Tandahimba

Pole sana kaka. Haijaenda yote.

Aliyekuuzia alikuuzia namba. Kukuza si kazi kubwa ya darubini. Kazi yake kubwa ni kukusanya nuru, na hiyo inategemea upana wa kioo cha mbele. Mboni ya jicho lako gizani hupanuka kama milimita 7. Kioo cha milimita 50 kinakusanya nuru mara 50 hivi zaidi ya mboni hiyo. Ndiyo siri yote. Kama kioo chako kina milimita 60, mwisho wake wa maana ni kukuza mara 120 hivi, ukizidisha hapo unakuza ukungu.

Fanya hivi: kwenye boksi kutakuwa na vioo vidogo viwili au vitatu vya kuwekea jicho. Chukua kile chenye namba kubwa zaidi, mara nyingi ni 20 au 25. Hicho ndicho kinachokuza kidogo zaidi, na ndicho unachokitaka kwa galaksi. Vingine weka pembeni. Halafu jaza mchanga kwenye mfuko, ufunge kwa kamba uning'inie katikati ya ile miguu mitatu. Mtikisiko utapungua sana. Anza na mwezi siku ukiwepo, ujifunze kulenga, ndiyo uende kwa Mchongaji.

---

Msomaji Mtulivu

Naomba kuuliza bila ubishi. Huu si unajimu, ule wa kutabiriwa bahati kwa nyota?

---

Njomba wa Tandahimba

Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza. Hawa ninaowazungumzia ni wanaastronomia. Wanapima nuru: imetoka wapi, ina rangi gani, imetumia muda gani. Wazee wetu waliposema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, walikuwa wanafanya kitu cha jamii hii. Walitazama, wakaweka kumbukumbu miaka na miaka, wakapanda mbegu kwa kufuata walichokiona.

---

Mwalimu wa Fizikia Lindi

Hongera sana ndugu yangu. Naomba niongeze kwenye hiyo miaka milioni 11, maana wanafunzi wangu huwa namba kama hizi zinawapita tu.

Chukulieni basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, bila chakula Nangurukuru. Mwezini lingetumia siku 200. Kwenye jua, zaidi ya miaka 210. Nuru inafika mwezini kwa sekunde 1.3, na kwenye jua kwa dakika 8 na ushee. Sasa nuru hiyo hiyo, isiyosimama popote, imetumia miaka milioni 11 kutoka NGC 253.

Na bado huyo ni jirani. Hapa Lindi tuna Tendaguru. Mifupa ya dinosari iliyochimbwa pale na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, iliyobebwa vichwani na wapagazi wetu hadi bandari ya Lindi, ina umri wa karibu miaka milioni 150. Dinosari mmoja amesimama leo kwenye jumba la makumbusho Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Wanafunzi wakiniuliza miaka milioni 150 ni nini, nawaambia kuna jozi ya galaksi za mzunguko inaitwa NGC 3314, kwenye kundinyota la Nyoka wa Maji. Moja imepita mbele ya nyingine, na ile ya nyuma iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 140. Nuru yake ilipoondoka kule, wale wanyama walikuwa wameshaanza kufukiwa na udongo wa Lindi. Imesafiri muda wote huo ambao mifupa ilikuwa inageuka jiwe, na imefika sasa.

Nuru uliyoiona wewe, ya miaka milioni 11, ni changa mno mbele ya Tendaguru.

---

Njomba wa Tandahimba

Mwalimu, nimesoma huu ujumbe wako mara tatu. Asante sana.

---

Dereva wa Masasi

Mimi na elimu yangu ya barabarani, hiyo mikono inayojisokota inanichanganya. Kama galaksi inazunguka, na katikati panamaliza mzunguko mapema kuliko pembeni, si ingeshajikunja ikaisha zamani kama uzi kwenye kibiringo?

---

Njomba wa Tandahimba

Kaka, hilo ndilo swali lenyewe. Wataalamu lilikuwa linawasumbua miaka mingi, na jibu linalokubalika zaidi lilipata nguvu mwaka 1964 kwa kazi ya C. C. Lin na Frank Shu.

Wewe ni dereva utalielewa haraka. Msimu wa korosho, malori yanapanga foleni kwenye mizani. Ukipita saa mbili asubuhi foleni ipo. Ukipita saa nane mchana foleni ipo, pale pale. Lakini malori si yale yale. Ya asubuhi yameshapima yameondoka, haya ni mengine. Foleni imebaki, malori yanapita ndani yake. Mikono ya galaksi nyingi iko hivyo. Nyota na gesi vinaingia kwenye mkono, vinabanana, vinapunguza mwendo, kisha vinatoka upande wa pili. Gesi ikibanwa inaporomoka na kuzaa nyota mpya, na nyota mpya kubwa zinawaka sana na kufa mapema, kabla hazijafika mbali na foleni. Ndiyo maana mikono inang'aa kuliko sehemu nyingine.

Kwenye Mchongaji uzazi huo umezidi, hasa katikati. Ni kama kiwanda kinachofanya kazi bila zamu ya kupumzika. Mwaka 2013 watafiti waliotumia ALMA, darubini za mawimbi ya redio za kule Chile, walitangaza kuwa gesi nyingi inatupwa nje kutoka katikati kwa kasi, nyingi kuliko inayogeuzwa kuwa nyota. Ikiendelea hivyo galaksi itamaliza akiba yake ya gesi ndani ya miaka milioni 60 hivi. Nyota zenyewe kwa joto na milipuko yake ndizo zinazofukuza gesi ambayo ingezaa wadogo zao.

---

Msimbati Kwetu

Wakuu, Afrika tuna mchango gani hapo? Kila kitu Chile, kila kitu Ulaya.

---

Njomba wa Tandahimba

Tunao, na kwa galaksi hii hasa.

Namibia, kwenye nyanda za juu za Khomas, kuna mitambo inaitwa H.E.S.S. Ni vioo vikubwa vinavyosubiri miali ya gama, nuru yenye nguvu mno kuliko inayoonekana. Miali hiyo haifiki chini. Inagonga hewa ya juu na kusababisha mwako wa buluu hafifu unaodumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na vioo vinaunasa mwako huo. Walielekeza vioo kwa Mchongaji mwaka 2005, 2007 na 2008, jumla saa 119, na mwaka 2009 wakatangaza kuwa wameipata miali ya gama kutoka humo. Ni mabaki ya nyota zinazolipuka ndiyo yanayorusha chembe kwa nguvu kiasi hicho. Hiyo ilifanyika kwenye ardhi ya Afrika kwa sababu ile ile niliyoianza nayo uzi: kusini ndiko galaksi hii inakopita juu, na giza la Namibia ni giza kweli.

La pili ni jina. Kundinyota la Mchongaji lilipewa jina na Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyekwenda Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1751. Alipima nafasi za nyota karibu 10,000 kutoka hapo. Sehemu kadhaa za mbingu ya kusini zilikuwa bado hazina majina kwenye ramani za Ulaya, akaongeza makundinyota 14, mengi aliyaita kwa vifaa vya kazi. Hili alilichora kama karakana ya mchongaji.

Sasa wakuu, mimi ni Mmakonde. Najua Lacaille hakutufikiria. Hakuwahi kufika huku, na mchongaji wake ni wa mawe ya marumaru, si wa mpingo. Lakini nilipolisoma hilo jina nililiweka karatasi chini nikatoka nje. Mjomba wangu, kaka wa mama yangu, amechonga mpingo zaidi ya miaka 40. Nitamleta shambani.

---

Binti Mikindani

Mlete mkuu, tunasubiri. Na ile habari ya mlipuko wa miali ya gama wa 2020, ni kweli ulitoka kwenye galaksi hii hii?

---

Njomba wa Tandahimba

Kweli. Tarehe 15 Aprili 2020, kwa saa zetu ilikuwa saa tano asubuhi kuelekea saa sita, mwali wa gama ulipita hapa duniani kwa kiasi cha sehemu moja ya saba ya sekunde tu. Vyombo kadhaa vya angani viliunasa, kimoja kikiwa kinazunguka Mirihi. Cha Mirihi kiliupata dakika sita na ushee kabla ya vile vya huku. Sasa meli ikipiga honi bandarini Mtwara, wa Shangani anaisikia kabla ya wa Mikindani, na ukijua nani alisikia saa ngapi, unaweza kukisia meli iko wapi. Hivyo ndivyo walivyofanya. Mistari yote ikaangukia kwa Mchongaji. Chanzo kinachoaminika ni mabaki ya nyota iliyokufa, yenye usumaku mkali mno, yaliyotikisika mara moja. Kwa hiyo mtikisiko wa kitu chenye upana mdogo kuliko kutoka Tandahimba hadi Newala, umetufikia kutoka miaka ya nuru milioni 11.

---

Msomaji Mtulivu

Picha nilizotafuta zina waridi, buluu, dhahabu. Wewe umesema chaki. Nikiamka saa kumi nikaona chaki nitasikitika.

---

Njomba wa Tandahimba

Ni vizuri ujue kabla. Jicho la binadamu kwenye nuru hafifu halioni rangi, kila kitu kinakuwa kijivu. Kamera inaweza kuacha mlango wazi saa nzima ikijaza nuru kama mtungi chini ya bomba linalodondoka. Jicho haliwezi.

Picha mpya iliyosambaa mwaka 2025 ilipigwa na darubini ya VLT kwenye mlima Paranal, Chile. Kioo chake kina upana wa mita 8.2, kinakusanya nuru karibu mara 27,000 zaidi ya kioo kimoja cha darubini yangu. Walipiga zaidi ya picha 100, zaidi ya saa 50, wakaziunganisha. Na chombo walichotumia kinaichambua nuru ya kila nukta kwa maelfu ya rangi, kiasi kwamba wanaweza kusema hapa ni nyota changa, hapa ni kuukuu, hapa gesi inakuja, hapa inakwenda. Humo humo wakahesabu mawingu kama 500 ya nyota zilizokufa kifo cha taratibu, kile ambacho jua letu litakufa. Kwa galaksi za mbali kiasi hicho kawaida hawapati hata 100. Na mawingu hayo yana faida, mwangaza wake unasaidia kuhakiki umbali wa galaksi yenyewe.

Lakini picha ni nuru iliyokwisha kupokelewa na mwingine. Ile chaki ni nuru iliyokufikia wewe. Ilipita miaka yote hiyo bila kugonga kitu, ikagonga ndani ya jicho lako, na hapo safari yake ikaisha. Mimi hilo ndilo lililonishika pale kwenye turubai.

---

Njomba wa Tandahimba

Wakuu, nimerudi. Jana usiku ulikuwa ukungu mtupu, hatukuona hata Difda. Leo kumekucha safi na mjomba nilimchukua kwa pikipiki saa tisa.

Ana zaidi ya miaka 70. Macho ya karibu yamechoka, ya mbali bado. Alilala kwenye turubai, nikamlazia kichwa kwenye gunia tupu la salfa lililokunjwa. Alipoishika darubini hakuitazama kwanza, aliipapasa yote kwa vidole, kama anavyopapasa gogo kabla hajaanza. Vidole vyake vina weusi wa mpingo kwenye mistari, hautoki kwa sabuni. Ilichukua kama robo saa. Nilimwelekeza Difda, akashuka mwenyewe. Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Limelala hivi," akauweka mkono wake wa kushoto hewani kwa mshazari ule ule. Alikuwa ameshaiona.

Nikamweleza habari ya Lacaille. Akataka kujua alichora nini. Nikawasha tochi yenye khanga, nikachora kwa kidole kwenye mchanga wa njiani: meza ya miguu mitatu, juu yake kichwa cha mtu kilichochongwa, na pembeni kipande cha marumaru chenye nyundo na patasi. Mjomba akainuka akaegemea kiwiko, akautazama mchoro muda mrefu kuliko alivyoitazama galaksi.

"Tezo iko wapi?"

Nikamwambia wao wa marumaru hawana tezo. Akachukua kijiti, akaichora yeye mwenyewe, mpini na bati lake, karibu na ile patasi. Halafu akalala tena akaomba darubini.

---

Mwalimu wa Fizikia Lindi

Ndugu yangu, kama mjomba atakubali, siku moja ningependa aje azungumze na wanafunzi wangu. Nitagharamia nauli.

---

Njomba wa Tandahimba

Amekubali mwalimu. Anauliza kama shuleni kwenu usiku pana giza.

---

Dereva wa Masasi

Mchanga kwenye mfuko umefanya kazi. Mwezi nimeuona wenye mashimo yake, nimewaita watoto wote wa mtaa. Kwa Mchongaji nasubiri giza.

---

Binti Mikindani

Nimeiona.

Saa kumi na dakika ishirini, nyuma ya ukuta wa nyumba, bahari nimeipa mgongo kama ulivyosema. Darubini niliazima kwa mjomba mmoja wa bandarini. Kweli ni kama chaki. Nilidhani macho yangu yananidanganya, nikahamisha darubini nikarudi mara nne, kila mara lipo pale pale na mshazari ule ule. Nikamwamsha mama. Alikuwa anaamka kwa ajili ya swala hata hivyo. Akatazama kimya, akaniuliza kama ile nyota ya machungwa iliyo juu yake ndiyo hiyo Difda. Nikamwambia ndiyo. Akanirudishia darubini akasema niiache juu ya kabati, kesho ataitafuta mwenyewe.